Kanda Ambayo Osewe Alikataa Kuirudisha

Kitu cha kwanza alichokiona Jael Adhis ni kwamba makofi ya mtoto mmoja yalikuwa yakichelewa. Yalichelewa kidogo sana, kama mtu anayefikiri kwanza kabla ya kuitikia salamu. Mama wa mtoto hakuwa ameona. Watoto wenzake hawakuwa wameona. Jael aliona kwa sababu watoto wanapoimba yeye haangalii nyuso. Anaangalia mikono na miguu.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Leo ni Jumamosi ya kwanza ya Novemba 1998, saa tatu asubuhi, jua limeshaingia katikati ya ploti ya vyumba vya kupanga huko Gatina, Kawangware, na Jael anaangalia mikono tena. Watoto wamejipanga mbele ya kamba ya nguo. Leso za maua zilizoanikwa hapo ndizo pazia lao. Kyalo, kijana anayepiga picha za video za harusi, ameweka kamera begani na kufumba jicho moja.

Jael anainua kiganja. Watoto wote wananyamaza.

Ploti yenyewe, hata hivyo, hainyamazi. Kamera ya Kyalo ina kipaza sauti kimoja tu, nacho husikia kila kitu: ndoo, redio, kikohozi cha jirani. Kwa hiyo kabla ya kila wimbo Jael hupita mlango kwa mlango. Anaanza kwa Mulwa, seremala wa kona, ambaye nyundo yake inasikika hadi barabarani.

"Nimeshaiweka chini, Anti," Mulwa anasema kabla hajaombwa. "Lakini leo Ian wangu akae mbele. Ile kanda ya nne mlimficha nyuma ya msichana mrefu. Mimi nilimtambua kwa masikio tu."

"Atakaa mbele," Jael anajibu.

"Na mwambie huyo Kyalo asimkate kichwa!"

"Kichwa kama hicho nitakikata vipi?" Kyalo anajibu kutoka kwenye kamba. "Kinajaza televisheni nzima!"

Wanawake walio kwenye mfereji wanacheka. Jael naye anacheka, lakini mkono umefunika mdomo. Kisha anaenda kwa mwenye mashine ya kusagia unga, anasimama mlangoni hadi mtu yule anaiona sura yake na kuzima injini. Sasa kumetulia. Watoto wanaanza kuimba.

Mfululizo huu unaitwa Watoto wa Ploti, na hii ni kanda yake ya tano. Kila kanda ina nyimbo chache za watoto: kuteka maji, kupiga mswaki, kuvuka barabara, kumwamkia bibi aliyekuja kutoka mashambani. Hakuna jukwaa wala taa. Watoto huvaa nguo zao za kanisani, na asiye na viatu husimama mstari wa nyuma, isipokuwa akiwa mchezaji mzuri. Hapo wote huvua viatu.

Jael ana miaka ishirini na minne. Aliacha shule huko Gem akiwa darasa la sita, mamake alipougua. Siku za kazi hutoka Gatina kwa miguu kwenda Lavington kufua nguo za watu. Siku ikiwa njema hurudi na shilingi mia moja na ishirini. Ni mtu wa maneno machache, na ukimtazama sana huanza kupanga vitu vilivyo karibu naye.

Akiulizwa nyimbo zilianzaje, analiambia beseni lililo miguuni pake.

"Ukifua shati, mkono unaenda na kurudi," anasema. "Ukifua blanketi, unakanyaga. Hiyo tayari ni ngoma. Maneno yanakuja yenyewe. Jioni nilikuwa nawaimbia watoto wa hapa ili wasiende kucheza barabarani. Wakazipenda."

Kyalo aliwasikia siku moja mwaka 1996, alipokuja kupeleka kanda ya harusi kwa mpangaji wa ploti hiyo. Alikuwa na nafasi iliyobaki kwenye utepe. Akawapiga picha. Wiki iliyofuata alirudi, bila mtu kumwita.

Kupiga picha ni sehemu rahisi. Kazi hasa ni kuzifikisha kanda kwa watu. Katika chumba chake cha kupanga huko Kabiro, Kyalo ana deki mbili, moja ya kucheza na nyingine ya kurekodi. Anaziunganisha kwa waya na kunakili kanda moja baada ya nyingine wakati stima ipo. Jael huzifunga kwenye mfuko wa turubai na kuzisambaza: Kawangware kwenye saluni zenye televisheni na shule za chekechea, kisha anavuka Ngong Road kwenda Kibera kwenye nyumba za video, kisha Nyayo Highrise kwa familia zenye deki zao.

Kanda tupu ni ghali kwa watu hawa. Kwa hiyo wawili hao walibuni utaratibu ambao kila mteja wao anaujua: leta ya zamani, ongeza shilingi hamsini, chukua mpya. Ile ya zamani inarudi Kabiro. Kyalo anaziba kwa selotepu tundu lililo ubavuni mwake, ili deki ikubali kurekodi juu yake, na nyimbo mpya zinaingia mahali pa zile za kale.

"Kanda moja imeshavaa nguo nne," Kyalo anasema. "Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Inabaki ileile."

Utaratibu huo ndio uliouweka hai mfululizo. Kila mteja alibaki mteja. Watoto walipata nyimbo mpya, na wazazi hawakulazimika kununua kanda nyingine. Hata kanda mama, ile iliyotoka kwenye kamera, ilitumika tena. Kanda mama ya kwanza leo ina harusi ya watu wa Kitui, na Kyalo anasema bibi harusi alipendeza sana.

Kwa miaka miwili hakuna aliyeona shida yoyote katika hilo. Kisha Septemba mwaka huu Everlyne Mukai akaja kubisha kwa Jael.

Everlyne ni jirani wa ploti ya pili na ndiye mama wa Nzembi, yule mtoto wa makofi ya kuchelewa. Katika kanda ya kwanza Nzembi alikuwa na miaka sita na mapengo mawili mbele. Aliimba peke yake wimbo wa maji. Wimbo huo una mtoto anayerudi kutoka mferejini na mtungi kichwani, akiwauliza wenzake:

"Maji yangu yamejaa, nani atanitua?"

Na wenzake humjibu: "Mimi nitakutua, mimi nitakutua."

Mwaka uliofuata Nzembi alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona. Aliporudi kucheza, Jael aliona mikono yake ikisubiri mikono ya wengine. Alienda kwa Everlyne na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama Nzembi, mtoto hasikii. Anatuangalia tu." Hospitalini walithibitisha.

Nzembi hakuacha kucheza. Katika kanda ya nne yuko mstari wa mbele, macho yake kwenye kiganja cha Jael kilicho pembeni mwa kamera. Asiyejua hawezi kumtambua. "Anatushinda sisi wenye masikio," Ian wa seremala anasema, na hasemi kwa kumhurumia. Anaona wivu.

Januari Nzembi anakwenda shule ya bweni ya viziwi huko Machakos. Mwalimu wa huko alimwambia Everlyne kwamba mtoto aliyewahi kusema anaweza kushika maneno yake akifundishwa kutazama midomo, hasa midomo anayoipenda. Everlyne akakumbuka kanda.

"Sauti yake inabadilika kila mwezi," anasema. "Ananiita 'mama' na haipandi wala haishuki. Mimi nataka kusikia ile ya zamani. Na yeye aone mdomo wake ukiimba, ajue kwamba ulikuwa wake. Kabla hajaenda. Ni hilo tu."

Yeye mwenyewe hana kanda ile. Alikuwa mteja mzuri. Aliirudisha.

Jael alianza kuitafuta. Siku za kutofua alizunguka Kawangware, kisha Kibera na Nyayo Highrise, na kila mlango ulimpa jibu moja lililosemwa kwa fahari.

"Aa, sisi tulirudisha, Anti," alisema mama mmoja wa Nyayo Highrise. "Sisi si watu wa kukaa na kitu cha mtu."

"Hapa hatuna deni nawe," alisema mwenye saluni moja huko Kabiro. "Angalia, hii ni ya nne. Iko safi."

Waaminifu wote walikuwa wameirudisha. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Jael na Kyalo walikuwa wameacha hata kumdai, kwa kuwa alikuwa amewachosha.

Osewe ana nyumba ya video Silanga, upande wa Kibera unaopakana na Nyayo Highrise. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi, gunia mlangoni, na televisheni iliyowekwa juu kwenye kabati lenye kufuli. Mchana huonyesha sinema za karate, na yeye mwenyewe husimama kando akizitafsiri kwa sauti ya kila mpiganaji. Jumamosi asubuhi ni zamu ya watoto, shilingi tano kila mmoja. Tangu 1996 amekuwa akinunua kanda mpya na kukataa kuirudisha ya kwanza. Kila Jael alipokuja kuidai, alikuwa na sababu: imepotea, iko kwa shemeji, imeliwa na panya.

Jael alipoingia Oktoba, Osewe alikuwa akifagia maganda ya njugu.

"Nyar Gem!" alimwita, kwa namna Wajaluo wanavyomwita binti wa Gem. "Umekuja tena? Panya bado hawajaitapika."

"Sikuja kuichukua."

"Basi umekuja kuolewa?"

Jael alimweleza kuhusu Nzembi. Ilimchukua muda, maana aliyasema yote akitazama ufagio. Osewe aliketi benchini.

"Yule wa maji?" aliuliza. "Yule mwenye mapengo? Sikiliza. Nikikosa kuwachezea wimbo ule, watoto hawa watanivunjia mabati. Ndiyo maana siwarudishii kanda. Nyinyi mnafuta kila kitu. Mtu akiwapa mamake, mtamfuta pia."

"Hatutafuta."

"Ndivyo mnavyosema nyote. Kanda haitoki hapa. Lakini leta deki yako, muinakili mbele ya macho yangu. Nitakaa karibu na plagi."

Kwa hiyo Jumamosi ya pili ya Novemba Kyalo anafika Silanga na deki moja iliyofungwa ndani ya blanketi. Amenunua kanda mpya kabisa, bado iko kwenye nailoni, kwa sababu Jael alisema ya kutumika hapana. Everlyne amevaa gauni lake la kanisani. Nzembi anapita chini ya gunia akiangalia mabati, waya na watoto waliojaa mabenchi.

Kyalo anaitazama kanda ya Osewe kwenye mwanga wa mlango na kupiga mluzi. Imechezwa kila Jumamosi kwa miaka miwili. Utepe umekunjamana kandokando.

"Bana, hii ni mzee," anasema. "Tunaicheza mara moja. Ikikatika, imekatika."

Anasafisha kichwa cha deki kwa kitambaa na spiriti, anaunganisha waya, anabonyeza. Osewe, bila kuombwa, anasimama mahali pake pa kutafsiri.

Picha inatetemeka, kisha inatulia. Hii hapa ploti ya Gatina miaka miwili iliyopita, kamba ileile, leso nyingine. Watoto wa Silanga wanaimba tangu neno la kwanza. Wanajua hata mahali jogoo wa jirani anapowika, na wanawika naye.

Kisha mtoto mdogo mwenye mtungi wa plastiki kichwani anaingia kutoka kushoto. Benchi la mbele linapiga kelele.

"Ni Wa Maji! Wa Maji amekuja!"

Msichana mmoja anageuka, anamwona Nzembi amesimama kando ya ukuta, na anaruka juu.

"Manze, cheki! Ni yeye! Wa Maji yuko hapa!"

Chumba kizima kinageuka. Nzembi anarudi nyuma, anashika gauni la mamake. Haelewi kelele ambayo haisikii. Lakini wimbo umeanza, na watoto hawawezi kuuacha. Wanaimba wakiwa wamemtazama yeye badala ya televisheni. Sauti ya mapengo mawili inauliza nani atanitua, na watoto wa Silanga, ambao hawajawahi kumwona hadi leo, wanamjibu.

"Mimi nitakutua, mimi nitakutua!"

Nzembi anaona midomo yao. Wote wanasema kitu kimoja. Anatazama skrini na kuuona mdomo wake mwenyewe. Anaachia gauni, anapanda juu ya benchi, anaweka kiganja kwenye ubavu wa televisheni ambako sauti inatikisika.

Anafungua mdomo. Sauti inayotoka ni nzito, haina mteremko wala mlima. Lakini maneno ni yale, moja baada ya jingine, na yanaingia pale mdomo wa skrini unapofunguka. Osewe ameondoka mahali pake pa kutafsiri na kuketi benchini. Everlyne ameinamisha kichwa na leso iko machoni pake.

Utepe haukukatika. Kyalo anarudisha nyuma kanda mpya, anaiangalia, na uso wake unabadilika.

"Sauti iko safi," anasema. "Picha ndiyo imeharibika. Ile mistari myeupe imepita hapa usoni."

Anaicheza wote waone. Sauti ya Nzembi wa miaka sita inasikika kama amesimama mlangoni. Mahali pa mdomo pana mstari mweupe unaoruka.

"Rudia kunakili," Osewe anasema.

"Itakuwa hivyohivyo. Deki ikiionyesha kwenye televisheni, inaivumilia. Waya wa kunakili hauvumilii. Mdomo uko kwenye ile ya kwanza tu."

"Sauti inanitosha," Everlyne anasema haraka, kama mtu anayeogopa kuonekana mlafi. "Kweli, Jael. Mungu awabariki. Sikuwa na hata hii."

Nzembi anatikisa kichwa. Ameiona mistari. Ananyoosha kidole kwenye deki ya Osewe.

"Ile," anasema. Anagusa meno yake, ambayo sasa yameota. "Mdomo."

Osewe anaitoa kanda ya zamani. Inatoka na joto. Anaishika kwa mikono miwili, akiwatazama watoto wake benchini, wale ambao wangeweza kuvunja mabati.

"Sasa tutaimba na nini?" mmoja anauliza.

"Si mnaujua wote?" Osewe anamjibu kwa ukali. "Mnahitaji televisheni iwakumbushe?" Kisha anapaza sauti yake ya sinema. "Haya! Mimi siibi na mimi siibiwi. Kanda hii nitamrudishia mwenyewe, mkononi, mbele ya mashahidi. Mwenyewe ndiye atakayesema inakwenda wapi. Mwenye nyimbo hizi aje!"

Macho yote yanamwendea Kyalo. Ndivyo ilivyo kila mahali. Kutoka Gatina hadi Nyayo Highrise watu huziita kanda za Kyalo, kwa sababu yeye ndiye mwenye kamera, na Jael hajawahi kumsahihisha mtu. Kyalo mwenyewe amejaribu, na wamemwona mnyenyekevu.

Kyalo anakunja blanketi lake polepole. "Mimi nilishika kamera," anasema. "Huwezi kunipa kitu ambacho si changu."

Nzembi anamtazama Jael, jinsi anavyomtazama akiwa pembeni mwa kamera, akisubiri kiganja kiinuke ili ajue la kufanya. Januari iko karibu. Jael amesimama mlangoni, na mikono yake imeanza kunyoosha gunia lililonyooka tayari.

Anaacha gunia. Anapita kati ya mabenchi na kushika upande mmoja wa kanda. Osewe haachii upande wake.

"Sema basi, Nyar Gem. Wasikie."

Jael anageuka kuwatazama watoto wa Silanga. Anazungumza polepole, akifungua mdomo vizuri ili kila neno lionekane kutoka pale Nzembi alipo.

"Nyimbo hizi ni zangu. Nilizitunga mimi, zote. Hii nampa Nzembi aende nayo, na akirudi likizo, kanda ya sita ataiongoza yeye."